Kabla Hujaiwasha: Kompyuta Kuukuu na Kapasita Zake

Leo tunaweka programu kando kidogo, tushike bisibisi.

Sisi waandikaji wa programu tuna tabia moja. Programu ikigoma, jambo la kwanza ni kuiendesha tena. Tunasoma ujumbe wa kosa, tunabadilisha mstari mmoja, tunaiendesha tena. Hata ukirudia mara 50 hakuna kinachoungua. Sasa mtu wa aina hii akikutana na kompyuta ya mwaka wa 1983 iliyolala juu ya kabati miaka na miaka, mkono wake unakwenda wapi? Kwenye soketi! "Hebu tuiwashe tuone kama inafanya kazi."

Usifanye hivyo. Huo ndio ujumbe wangu wote wa leo, na kama una haraka unaweza kuishia hapa. Kifaa cha umeme kilichokaa miaka mingi hakijaribiwi kwa kuwashwa, kwa sababu kuwashwa kwenyewe ndiko kunakoweza kukimaliza. Programu iliyoharibika unairudisha ilivyokuwa jana. Chipu iliyopigwa na volti 9 badala ya 5 hairudi.

Kapasita ni tangi

Kwa wale ambao hawajawahi kufungua kompyuta, tuanze na pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea stima ya ukutani na kuigeuza kuwa volti chache zilizotulia. Chipu za kompyuta za zamani nyingi zinataka volti 5, na si takriban: nyingi zinavumilia kati ya 4.75 na 5.25 tu.

Stima ya ukutani haiji kwa utulivu. Inapanda na kushuka, mara 50 kwa sekunde. Ukiipitisha kwenye daiodi inatoka kwa vipande vipande, mara 100 kwa sekunde. Hapo ndipo kapasita inapoingia. Ifikirie kama tangi la maji juu ya paa. Maji ya baraza yanakuja na kukatika, lakini wewe ukifungua bomba jikoni hujui, kwa kuwa tangi linajaza pengo. Kapasita inafanya hivyo hivyo, ila inajazwa na kutumika mara nyingi kwa sekunde.

Tangi likitoboka au likijaa tope, bomba linaanza kukohoa. Kompyuta nayo hivyo hivyo: picha inayumba, mashine inajizima, au haiamki kabisa.

Katika pawa saplai za kompyuta za miaka ya 1980 kuna kapasita za aina mbili zinazosumbua, na kila moja inazeeka kwa njia yake.

Ya kwanza ni ya elektroliti, ile inayofanana na kopo dogo. Ndani yake kuna karatasi nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kwa kimiminika. Miaka inavyopita kimiminika kinakauka au kinavuja kupitia mpira wa chini. Ikikauka, uwezo wake wa kuhifadhi umeme unapungua na ukinzani wake wa ndani unapanda. Kopo la kawaida huandikwa mathalani saa 2,000 kwenye nyuzi 105. Mafundi wana kanuni yao: kila joto likishuka nyuzi 10, umri unaongezeka maradufu. Kwa hiyo kwenye nyuzi 65 utapata kama saa 32,000. Zinasikika nyingi, lakini ukigawa ni miaka mitatu na nusu hivi ya kuwaka bila kuzimwa. Hakuna aliyezitengeneza akitarajia miaka 40.

Ya pili ni ya karatasi, na hukaa mlangoni pale stima inapoingia. Kazi yake ni kuzuia kelele za umeme zinazozalishwa na pawa saplai zisirudi kwenye nyaya za nyumba na kuharibu redio ya jirani. Ni karatasi iliyopakwa chuma, ikalowekwa kwenye gundi ngumu, ikafunikwa kwa ganda la rangi kama asali unaloweza kuona ndani yake. Ganda hilo likizeeka linafanya nyufa. Nyufa zinaingiza unyevu wa hewa, na karatasi, kama unavyojua, inapenda maji. Siku ukiichomeka, umeme unapata njia ndani ya ule unyevu, joto linapanda, na baada ya dakika chache kisanduku kinatoa mlio na moshi mzito wenye harufu mbaya inayokaa ndani ya nyumba siku mbili.

Nyufa, unyevu. Sasa fikiria mashine kama hiyo iliyohifadhiwa Mombasa.

BBC Micro ya Mwalimu

Mwaka wa 2023 nilikwenda Mombasa kumtembelea rafiki yangu, na baba yake, ambaye alifundisha hisabati miaka mingi, akanionyesha kitu kilichofunikwa kwa kanga. BBC Micro, Model B! Aliinunua Uingereza mwaka wa 1984 alipokuwa masomoni, wakati bei yake ilikuwa pauni 399, akarudi nayo nyumbani. Hakuhitaji hata kubadilisha plagi, maana sisi na Waingereza tunatumia plagi ile ile ya miguu mitatu, na wakati ule volti zilikuwa zile zile 240.

Kwa wasioijua: hii ni kompyuta iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge na kutolewa Desemba 1981, kwa ajili ya mradi wa shirika la BBC wa kuwafundisha watu kompyuta. Ubongo wake ni chipu ya 6502 inayokwenda megahezi 2, na kumbukumbu ya Model B ni kilobaiti 32. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja. Sophie Wilson, aliyeiandikia lugha yake ya BASIC, na Steve Furber ndio waliokuja kubuni ARM, chipu ambayo ilifanya kazi kwa mara ya kwanza mwaka wa 1985. Simu uliyoshika sasa hivi inatumia kitukuu cha chipu hiyo. Kwa hiyo ile mashine chini ya kanga ni ya ukoo wa simu yako.

Lakini Mwalimu hakuwa ananionyesha kwa fahari. Alikuwa anaiaga. Jumamosi yake mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa anakuja kuchukua friji mbovu, na familia ilikwisha amua na hii iende.

"Ilikufa mwaka wa 1998," akaniambia. "Nilikuwa nimeketi nayo hapa, mara ikatoa moshi. Moshi wewe! Mke wangu alikuja na ndoo ya mchanga."

"Na kwenye televisheni, Mwalimu, picha ilipotea?"

Akafikiri. "La. Ajabu ni hiyo. Picha ilikuwapo mpaka nikachomoa waya."

Mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, akashika plagi. "Babu, tuijaribu mara ya mwisho kabla hajaja yule mtu. Tuichomeke tu tuone."

"Usiichomeke, mdogo wangu," nikamwambia. "Babu yako amekwisha kutupa jibu."

Maana kama picha ilikuwapo wakati moshi unatoka, basi kompyuta haikufa. Ile kapasita ya karatasi imeunganishwa kando kando na njia ya umeme, si katikati yake. Ikipasuka, mara nyingi kompyuta inaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu alizima mashine nzima kwa hofu, na alifanya vyema kuizima. Ila kwa miaka 25 nyumba nzima iliamini ni maiti.

Na kulikuwa na kitu kingine. Ndani ya droo kulikuwa na kaseti moja imeandikwa kwa kalamu ya wino: MAJI. Mwalimu aliandika programu ya kupiga hesabu ya bamvua na maji mafu ya Kilindini, kwa ajili ya ndugu yake aliyekuwa mvuvi. Nakala nyingine haikuwapo, wala karatasi.

Kazi yenyewe

Mimi ni mtu wa programu, na kuna mpaka wa ujuzi wangu. Kwa hiyo nilimtafuta fundi wa redio na televisheni pale Mwembe Tayari, mzee wa makamo mwenye mita ya kupima ukinzani wa ndani wa kapasita, na tukafanya kazi pamoja. Nawe ukitaka kufanya, tafuta mtu wa aina hiyo. Ndani ya pawa saplai hizi kuna kapasita kubwa inayobeba volti kama 340, na inaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi aliiacha muda, akaipima, akaitoa umeme uliosalia kwa resista, akaipima tena. Ndipo akaruhusu mkono wangu ukaribie. "Kijana," aliniambia, "kwenye kazi hii aliyekufa ni yule aliyesema najua."

Tukaanza kwa macho. Nyaya saba zinatoka kwenye pawa saplai kwenda kwenye ubao: nyekundu tatu za volti 5, nyeusi tatu, na moja ya zambarau ya hasi 5. Nilizipiga picha kwa simu, kisha tukazichomoa zote, ili hata kisanduku kikifanya wazimu, chipu ziwe salama. Hii ndiyo hatua watu wengi wanaruka.

Tukafungua kisanduku. Kapasita za karatasi zilikuwa mbili, moja ya mikrofaradi 0.1 na nyingine ya 0.01. Ile kubwa ilikuwa imepasuka ubavuni na kumwaga kitu cha kahawia kama sukari guru iliyoungua. Ndogo ilikuwa bado nzima, ila ganda lake limejaa nyufa kama tope la shamba wakati wa kiangazi. Lau kijana angechomeka ile plagi, hiyo ya pili ingefuata.

Hapo wengi wangesema kazi imekwisha: mbaya ameonekana, mtoe, weka mpya. Fundi alitikisa kichwa. Akachukua mita yake akaanza kupima zile za elektroliti, moja baada ya nyingine, ambazo kwa macho zilikuwa safi kabisa, hazijavimba wala kuvuja. Moja ndogo iliyoandikwa mikrofaradi 220 ilisoma 90. Mbili nyingine ukinzani wao wa ndani ulikuwa umepanda mno.

Nilisimama nikiwaza hapo. Ile iliyotoa moshi na kuleta ndoo ya mchanga haikuwa hatari kwa chipu hata moja. Hizi zilizonyamaza ndizo zingeifanya pawa saplai ishindwe kuamka, au iamke ikitoa volti zisizotulia. Ukiwa umewahi kusimamia seva, unaijua hali hii: ujumbe wa kosa unaopiga kelele zaidi kwenye kumbukumbu za mfumo si lazima uwe ndio ugonjwa.

Dukani Luthuli

Spea nilizitafuta Nairobi, barabara ya Luthuli, ambako kila aliyewahi kutengeneza redio amepita. Elektroliti zilipatikana mara moja, za nyuzi 105. Zile za mlangoni zilileta mjadala.

"Boss, kapasita ni kapasita," muuzaji akaniambia. "Hii ni volti 400. Yako imeandikwa 275. Si hii ndiyo kali zaidi?"

"Sawa kaka, lakini hiyo 400 ni ya umeme wa betri, na hii 275 ni ya umeme wa ukutani. Nataka yenye alama ya X2."

Hii si kudeka. Alama ya X2 ina maana kapasita imepimwa kuvumilia mapigo ya ghafla ya stima, na imeundwa ili ikifa, ife bila kuwasha moto. Sisi tunaoishi na stima inayopotea na kurudi kwa kishindo tunajua mapigo hayo. Kapasita ya kawaida ikiwekwa kati ya nyaya mbili za ukutani itafanya kazi leo, na siku moja itachoma nyumba. Muuzaji aliingia nyuma, akatoka na boksi lenye vumbi. X2, za plastiki badala ya karatasi, kwa hiyo hazinywi unyevu. Vyote pamoja havikufika shilingi 500.

Kuwasha bila kuwasha

Kapasita mpya zikalehemiwa mahali pake. Elektroliti ina upande wa chanya na wa hasi, na ukiigeuza inaweza kupasuka usoni mwako, kwa hiyo hakikisha mara mbili. Zile za X2 hazina upande.

Bado hatukuiunganisha na kompyuta. Pawa saplai za aina hii hazipendi kuwashwa bila mzigo, kwa hiyo fundi alifunga balbu ya breki ya gari, ya volti 12 na wati 21, kwenye waya mwekundu na mweusi. Kwa volti 5 inavuta kama ampea moja, inatosha. Upande wa ukutani akapitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 100, ile ya waya ndani, iliyofungwa kwa mfululizo. Kama kuna njia ya mkato ndani ya kisanduku, balbu hiyo inawaka kabisa na kubeba pigo, na hakuna kinacholipuka. Kama mambo ni shwari inamulika kidogo kisha inafifia.

Ilimulika, ikafifia. Balbu ya breki ikawaka nyekundu hafifu. Mita ikasoma 5.04. Tukaondoa balbu ya ukutani, tukaiacha ikiwaka nusu saa, tukapima tena: 5.04. Upande wa hasi nao sawa.

Ndipo nyaya saba zikarudi kwenye ubao. BBC Micro ina tabia moja inayosaidia sana: ikipata umeme huanza na mlio mmoja mnene, kisha ubongo ukishaamka hukatiza ule mlio kwa mlio mfupi mwembamba. Ukisikia ule wa kwanza tu ukiendelea bila kukoma, jua umeme upo lakini ubongo haujaamka. Sisi tulisikia yote miwili. Kwenye televisheni, nyeusi na nyeupe: BBC Computer 32K, chini yake BASIC, na alama ya kusubiri amri.

Kaseti tulikuwa tumekwisha irekodi kwenye kompyuta yangu ya mkononi kabla ya yote, ili ikikatika tusilie. Mara ya kwanza ilisoma nusu, ikatuambia kuna dosari na turudishe utepe. Mara ya pili vile vile. Fundi akasafisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti, na mara ya tatu ikaingia yote. Mwalimu akaandika tarehe ya siku ile. Programu ikatoa saa nne: maji kujaa mara mbili, kupwa mara mbili. Mjukuu akatoa simu, akalinganisha na jedwali la mtandaoni. Tofauti ilikuwa dakika chache. Mwezi haujabadilisha ratiba yake tangu 1984, na hesabu za babu yake hazikuwa za mchezo.

Mnunuzi wa vyuma alichukua friji peke yake.

Mashine nyingine

BBC Micro ni mfano tu. Ukiwa na Commodore 64, ya 1982, jihadhari zaidi na lile tofali lake la umeme. Nyingi zimemiminiwa gundi ngumu ndani, hazifunguki kirahisi, na sehemu inayodhibiti volti 5 ikichoka inaweza kuachia volti nyingi zaidi ziingie na kuua chipu za kumbukumbu. Hilo huna haja ya kulifufua. Tafuta pawa saplai mpya iliyotengenezwa kwa ajili yake. ZX Spectrum nayo inapokea volti 9 zisizodhibitiwa, na udhibiti unafanyika ndani ya mashine yenyewe. Ncha yake ya katikati ni hasi, kinyume cha adapta nyingi za siku hizi, kwa hiyo usichomeke adapta yoyote uliyoiona tu mezani. Elektroliti zake ndogo ndani zimefikia umri wa kubadilishwa.

Na hata zile kompyuta za mitumba zilizofurika ofisini na kwenye saiba katika miaka ya 2000 zilikuwa na balaa lao. Kati ya mwaka wa 1999 na 2007 hivi, elektroliti mbovu kutoka viwanda kadhaa ziliingia kwenye mashine za dunia nzima. Vichwa vyake vilivimba kama maandazi, na mashine nyingi zikatupwa huku ugonjwa ukiwa kapasita tano au sita.

Kwa hiyo ufanye nini?

Mashine iliyolala zaidi ya miaka kumi, iache imelala bila plagi. Muulize mwenyewe ilikufaje: moshi, ukimya, au picha iliyoyumba? Majibu yake ni nusu ya uchunguzi. Tenganisha pawa saplai na ubao. Ifungue ukiwa na fundi anayejua kutoa umeme uliosalia. Kapasita za ganda la rangi ya asali zibadilishe zote bila kuzipima, nyufa ziwe zinaonekana au hazionekani. Elektroliti zipime hata kama zinameremeta. Jaribu kwa balbu kabla ya kujaribu kwa chipu. Na kama kuna kaseti au diski, nakili kwanza unachoweza kunakili.

Kazi yote ilituchukua siku mbili na pesa ya chakula cha mchana. Nyumbani kwenu, juu ya kabati la nani sijui, huenda kuna mashine kama hiyo inayosubiri mtu wa vyuma. Mpigie simu mwenyewe leo, umwambie asiitupe, na asiiwashe.